Mashine Iwake Mbele ya Watu

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Kompyuta ya ofisi imegoma. Nimebonyeza kitufe saa mbili asubuhi. Feni ikazunguka, taa ya kijani ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Kisha milio — pii, pii, pii. Kimya. Tena pii, pii, pii. Nimezima, nimewasha, nimezima, nimewasha. Mara kumi na moja. Nimekagua waya wa kioo, nimeuchomoa na kuuchomeka. Nimebadilisha soketi. Milio ileile.

Jana jioni umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo. Balbu ya nje ya ofisi nayo imeungua. Ndiyo sababu, nadhani.

Wiki zote za mwaka, lakini lazima iwe hii! Barua ilikuja Ijumaa: Jumatano ijayo, tarehe 16, wataalamu wa maji wanatoka mjini kuja kusikiliza ombi la Shamba Jipya. Wenye shamba wanataka kuchimba visima vingine viwili kwa ajili ya mizabibu yao ng'ambo ya korongo. Barua inasema jumuiya yetu ya watumiaji maji ilete kumbukumbu za kina cha kisima cha kijiji. Kumbukumbu ninazo, mimi ndiye katibu. Zimo ndani ya sanduku hilo lisilotaka kuamka.

Miaka tisa. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla pampu haijawashwa, nateremsha utepe wenye uzito mpaka uguse maji, nasoma, naandika. Mwaka 2015 maji yalikuwa mita 31 kutoka mdomo wa kisima. Juzi Jumamosi, mita 46 na nusu. Hizo mbili nazijua kichwani. Zilizo katikati zinapita mia nne, na hizo sina. Madaftari ya mwanzo yalianza kuliwa na mchwa, sasa hayapo. Kompyuta ilipoletwa — imestaafu kutoka ofisi fulani ya mjini, kama wazee wengine — nikahamishia humo kila kipimo, nikaacha madaftari, nikasema mashine haina mchwa. Na sikuweka nakala kwenye flashi. Sila mume wangu aliniambia mara mbili. Naandika hapa mara moja tu na sitarudia: kosa ni langu.

Nimempigia mwenyekiti wetu, Mzee Zablon. Nikamweleza. Akasema labda ndivyo Mungu alivyopanga. Mungu gani huyo anayechoma kompyuta ya watu? Sikumwambia hivyo. Nimeandika hapa.

Jumanne, 8 Oktoba 2024

Nimeifungua.

Sila alinipa bisibisi yake ya baiskeli, akauliza kama nina uhakika. Nikasema hapana. Akakaa pembeni akaendelea kunoa mkasi wake wa kupogolea zabibu. Hakusema tena neno. Ndiyo maana niliolewa naye.

Kabla ya kugusa chochote nilipiga picha kila waya kwa simu. Nilijifunza kwenye ile semina ya kompyuta ya wiki mbili, nikiwa na miaka arobaini na nne, darasa zima vijana, mimi peke yangu nimevaa kitenge. Yule mwalimu alisema ukifungua kitu, kwanza kumbuka kilivyokuwa.

Ndani! Vumbi jekundu limejaa kama kichuguu. Feni imevaa sweta. Mayai mawili ya mjusi, makavu. Nimepuliza, nimepangusa kwa brashi ya rangi isiyotumika. Nikachomoa vile vibao viwili vyembamba vya kumbukumbu, vina meno ya rangi ya dhahabu, na meno yamefifia. Yule mwalimu alisema vikifanya hivyo sugua na ufutio wa penseli. Nimeazima ufutio kwa mtoto wa jirani. Nimesugua taratibu mpaka yameng'aa. Nikavirudisha, nikavisukuma mpaka vikalia *tak*.

Watu wawili walikuja kuchota maji wakasimama mlangoni kutazama. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba katibu anachinja kompyuta. Wacheke.

Nimewasha. Mlio mmoja. Mmoja tu! Na kioo kikawaka!

Halafu maandishi meupe kwenye weusi. Kiingereza. Nimeyanakili herufi kwa herufi kwenye karatasi, nikayatafuta kwenye simu. Maana yake: mashine haioni diski ya kuanzia. Diski ndiyo ghala. Kumbukumbu zote zimo humo.

Basi. Jana ilikuwa bubu. Leo imesema. Tunaenda mbele.

Jumatano, 9 Oktoba 2024

Nimechomoa waya wa diski na kuuchomeka upya. Hakuna. Nimechukua waya wa pili uliokuwa hautumiki, nikaujaribu. Hakuna. Nimeweka sikio: diski inazunguka, inanguruma kidogo kama paka. Haijafa hiyo. Kitu kilichokufa hakingurumi.

Saa tano Mzee Zablon akaja. Shikamoo, marahaba, hali ya nyumbani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akitazama mashine iliyo wazi na mimi nimeshika bisibisi. Kisha akatoa karatasi mfukoni. Imechapwa vizuri, sijui alichapisha wapi. Taarifa ya jumuiya kwa wataalamu. Nimeisoma mara mbili. "Kwa uzoefu wa kamati, kina cha maji hakijabadilika kwa kiwango cha kutia hofu." Chini kuna sahihi yake, na mstari mtupu wenye jina langu: Dorkasi Ndahani, Katibu.

"Tusaidiane, Mama Ernest," akasema. "Mashine imekufa. Hatuwezi kwenda mikono mitupu."

Nikamwambia sitasaini.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nimepima."

Akasema nilichopima hakipo tena. Nikasema kipo, kimelala tu. Hapo akakaa kwenye benchi, na akaongea vizuri, bila hasira. Akasema watu thelathini na wanne wa kijiji hiki wanafanya kazi Shamba Jipya. Mwanawe Joshua yupo pale, msimamizi. Mtoto wa dada yangu yupo pale. Bila visima vipya shamba litafunga nusu ya mizabibu, na hao watu watakula nini, namba zangu?

Hilo swali si la kijinga. Nimelibeba mchana kutwa. Nilimjibu kwamba mimi sijasema shamba lifungwe. Nasema wataalamu waone maji yanavyoshuka, wao waamue wakiwa na macho. Yeye anataka waamue wakiwa wamefumbwa. Akasema mimi ni darasa la saba, nisijifanye mhandisi.

"Darasa la saba ndipo nilipojifunza kuhesabu, Mzee," nikamwambia. "Na nimehesabu."

Aliacha karatasi juu ya meza. Akasema nifikirie. Nimefikiria. Nimeiweka chini ya kikombe cha chai, kikombe kimeacha duara.

Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Anna alikuja asubuhi. Ndiye anayesimamia foleni ya akina mama pale bombani, habari zote humpitia. Kasema kule kuna maneno: katibu ameichoma kompyuta mwenyewe, kwa kuwa namba zake zilikuwa za kupika, akaogopa wataalamu.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Hakusema nani ameanzisha. Sikuuliza.

Kesho nampeleka mgonjwa wangu kwa fundi, Majengo, mjini. Lameck, jirani mwenye gari, anapeleka nyanya sokoni, kasema kuna nafasi mbele.

Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Siku ndefu. Niandike kwa mpangilio kabla sijasahau.

Nimesafiri na kompyuta mapajani, nimeifunga kwa khanga kama mtoto. Lameck kaniuliza kama inanyonya. Tumefika Majengo saa mbili unusu, nimeshuka kwenye maduka ya nafaka nikatembea hadi kwa fundi wanayemsifia wote, Khalidi. Mrangi wa Kondoa, kijana wa miaka thelathini na kitu, mikono myepesi, maneno mepesi zaidi. Duka dogo, simu zilizofunguliwa matumbo kila mahali. Mkewe Asma anakaa kwenye meza ya nyuma, anachapa barua za watu.

Khalidi kawasha, kasoma maandishi, kazima. Hazikufika dakika mbili. Akasema diski imekufa, mama, tunaweka nyingine tunapiga windows, kesho jioni unaichukua ikiwa mpya.

Nikauliza vilivyomo ndani je. Akasema vilivyomo ndani ndio hivyo tena, tumwachie Mungu.

Huyu naye! Wiki hii kila mtu anaviachia kwa Mungu vitu vyangu.

Nikamwambia asiiguse. Akadhani sijaelewa, akaeleza upya kwa sauti ya kumwelezea bibi kizee. Nikasema nimeelewa, na diski inanguruma, kwa hiyo haijafa. Akasema yeye amefanya kazi hii miaka kumi na miwili. Nikasema mimi nimesikiliza hiyo diski siku mbili. Akakasirika. Akasema kama najua kuliko fundi nichukue mzigo wangu niende nikaitengeneze mwenyewe. Wateja wawili wakageuka kutazama. Uso ulinichoma. Lakini niende wapi? Nikavuta stuli nikakaa pale pale mlangoni kwake, mashine miguuni. Nikasema nasubiri gari. Gari lilikuwa saa tisa.

Nimekaa saa tatu nzima. Kanipita, kaniruka, hajanisemesha. Wala mimi.

Saa sita na nusu akaenda kuswali Ijumaa. Duka likabaki na Asma. Akanyanyuka, akanipa shikamoo kama ndiyo kwanza tumeonana, akaniletea maji ya kunywa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, mama, hivi ikiwaka inaonyesha saa ngapi?

Sikuelewa. Akaiwasha, akabonyeza kitufe fulani, ukatokea ukurasa wa bluu na kijivu. Pembeni kuna tarehe. Tarehe mosi Januari 2011.

"Mashine yako imesahau," Asma akasema. "Haijafa."

Akanieleza. Ndani kuna betri ndogo, duara, kama ya saa ya mkononi. Ndiyo inayoishikia mashine kumbukumbu ya tarehe na ya jinsi ilivyopangwa. Betri ikiisha, mashine inarudi ilivyotoka kiwandani, kama mzee aliyesahau majina ya wajukuu. Wajukuu wapo. Yeye tu hawatambui.

Akaitoa diski, akaiunganisha kwa waya maalumu kwenye kompyuta yake ya kuchapia. Tulisubiri. Sijui tulisubiri muda gani. Kisha faili langu likatokea. KISIMA. Akalifungua. Safu zote, kutoka tarehe 3 Oktoba 2015. Mita 31.

Sikulia. Niliangalia simu za watu ukutani mpaka macho yakatulia.

Asma alinakili kwenye flashi, akachapa kurasa zote, akarudisha diski, akaweka betri mpya. Alikuwa ameweka tarehe kwenye ule ukurasa wa bluu, ameanza kurekebisha mpangilio, ndipo Khalidi akarudi. Akaona. Asma akafunga mashine yangu haraka, akaniandikia namba yake ya simu nyuma ya risiti. Lameck alikuwa anapiga honi.

Nje Khalidi alinifuata, akaibeba kompyuta hadi kwenye gari. Akaiweka kwa uangalifu. Akasema ni yeye aliyeanza kumfundisha mkewe kazi hii. Nikasema amefundisha vizuri. Basi tukaachana hivyo.

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Nimepima kama kawaida. Mita 46 na sentimita 60. Nimeandika kwenye daftari, na nimeandika kwenye simu.

Saa nne kamati ilikaa. Nikaweka kurasa mezani, nimezitoboa na kuzifunga kwa uzi. Nikatulia kwa raha kama mtu aliyeleta mbuzi wa harusi.

Mzee Zablon akafunua kurasa mbili tatu. Akauliza zimetoka wapi. Nikasema zimetoka kwenye diski yetu. Akauliza zimechapwa wapi. Nikasema Majengo. Akaziweka chini taratibu.

"Hizi zimetoka kwenye duka la mtu Majengo," akasema. "Nani anajua kilichoingizwa humo? Kama namba ni za kweli, mashine yetu wenyewe iwake mbele ya watu, tuzione zikiwa ndani yake."

Alijua. Habari kwamba fundi amesema diski imekufa ilishafika kijijini kabla ya gari la Lameck. Wajumbe wengine wanne waliangalia meza. Hakuna aliyesema Dorkasi si mwongo. Hata mmoja. Watu ambao nimewapelekea uji wakiwa wagonjwa!

Nikasema sawa. Iwake mbele ya watu. Iandikwe kwenye muhtasari. Nikauandika mwenyewe, mimi ndiye katibu.

Kikao kilipoisha nimeiwasha ofisini. Betri mpya imeshika, tarehe ni ya leo. Picha inatokea, duara linazunguka, natulia — halafu kioo cha bluu, uso wa huzuni, na inazima yenyewe. Inawaka. Inazima. Mara ya tano nikachomoa waya, nikaenda nyumbani kupalilia mchicha nisije nikaipiga teke.

Jumapili, 13 Oktoba 2024

Kanisani. Mahubiri siyakumbuki. Mzee Zablon alikaa mstari wa mbele, mimi wa nyuma, tukapeana amani kwa macho.

Asma simu haipatikani siku nzima. Ujumbe nimeacha.

Sila kaniuliza jioni, mizabibu ikinyimwa maji na watu wakafukuzwa kazi, nitaweza kuwatazama? Hakuniuliza kwa ubaya. Na yeye ana mizabibu ekari moja, anajua. Nikasema nitawatazama. Kisima kikikauka, huyo anayefanya kazi na huyo asiyefanya wote watabeba ndoo kwenda mbali. Akaitikia kwa kichwa, akasema basi endelea na sanduku lako.

Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Sikukuu ya Nyerere. Asma kapiga saa tatu. Yuko nyumbani, duka limefungwa, anapika na simu iko begani.

Tumefanya hivi. Kila kitu naandika, nisitegemee tena kichwa wala mashine.

Kuwasha na kubonyeza F2 harakaharaka kabla duara halijatokea. Mara tatu nimechelewa. Ya nne nikaingia kwenye ule ukurasa. Asma akaniambia nitafute mstari unaoeleza jinsi mashine inavyosemezana na diski. Kurasa zote Kiingereza. Namsomea herufi, yeye ananiambia endelea, endelea, hapana, rudi. Dakika arobaini. Salio likaisha, akanipigia yeye.

Tukaupata. Una njia tatu za kuchagua. Asma akasema diski yako ilizoea lugha moja, na mashine iliposahau ikachagua nyingine. Wanaongea hawaelewani. Lakini ipi ilikuwa yenyewe, yeye hajui. Mashine za zamani zinatofautiana. Akasema niandike kwanza iliyochaguliwa sasa, ndipo nijaribu moja moja.

Iliyochaguliwa: ya tatu. Hiyo ndiyo yenye kioo cha bluu.

Nikajaribu ya kwanza. Nikahifadhi. Ikazima, ikawaka. Weusi. Maandishi meupe yaleyale ya Jumanne. Upande wa pili nasikia vitunguu vinakaangika.

Nikarudi. Ya pili. Nikahifadhi.

Mlio mmoja. Duara. Linazunguka, linazunguka. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa ule uso wa huzuni, nimekunja ngumi. Badala yake, ile picha yangu ya zamani — kisima siku ya uzinduzi, akina mama wamejipanga na ndoo, na mimi mwembamba!

Nikamwambia Asma imewaka. Hakupiga kelele. Akasema, haya mama, sasa fungua faili lenyewe ulihakikishe. Nikalifungua. Nikateremka hadi mwisho. Tarehe 5 Oktoba 2024, mita 46 na nusu. Nikaongeza ya juzi.

Nimecheza peke yangu ofisini. Hakuna aliyeona. Naandika hapa.

Jumanne, 15 Oktoba 2024

Nimeiwasha mara nne leo, kwa nyakati tofauti. Mara nne imewaka. Ya tano nimejizuia.

Nakala: flashi moja kwa Sila, moja kwa Anna, moja ninayo.

Saa kumi Mzee Zablon alipita nje. Dirisha lilikuwa wazi na feni inalia. Akapunguza mwendo, akasikiliza. Nilitaka kutoka nje nimwambie karibu utazame. Nikabaki kwenye kiti. Akaendelea na njia yake.

Kesho mkutano utakuwa shule ya msingi, darasa la sita. Sila kaazima toroli na godoro dogo.

Jumatano, 16 Oktoba 2024

Saa mbili asubuhi. Imefika salama. Sila kasukuma toroli, mimi nimeshika mashine juu ya godoro, Anna kabeba kioo kichwani. Tumeipanga kwenye meza ya mwalimu. Nimeijaribu: imewaka. Nimeizima ipumzike.

Saa sita na robo. Naandika chini ya meza, kwenye magoti.

Wataalamu wamefika saa nne, watatu, kiongozi wao Mhandisi Angelina. Mwanamke wa makamo, viatu vya vumbi, hakutaka kiti chenye mto. Meneja wa Shamba Jipya yupo. Joshua yupo, kakaa nyuma ya baba yake. Darasa limejaa, wengine madirishani. Sala, utambulisho. Wakati Mhandisi anasema tusikie jumuiya, feni ya darini ikapunguza mwendo. Ikasimama.

Umeme umekatika.

Nikabonyeza kitufe hata hivyo. Mjinga. Hakuna.

Nikaomba jenereta ya shamba. Meneja akasema inavuta pampu za mizabibu, haiwezi kuhamishwa. Tukasubiri nusu saa. Mhandisi akatazama saa yake, akasema wana kijiji kingine mchana. Dereva akaenda kuwasha gari, nikasikia injini ikinguruma nje.

Ndipo Mzee Zablon akasimama, akatoa ile taarifa. Nakala nyingine, safi, isiyo na duara la kikombe. Mhandisi akaisoma. Akauliza kwa nini katibu hajasaini.

Nikasimama. Nikasema sijasaini kwa sababu si kweli. Nimepima kila Jumamosi miaka tisa, vipimo vimo kwenye mashine hii, na umeme ukirudi saa hii au kesho au mwezi ujao nitaiwasha mbele ya yeyote. Nikampa zile kurasa za Majengo.

Mzee Zablon akasema kamati ilishazikataa. Zimetoka dukani. Mhandisi akasema kweli, karatasi isiyojulikana chanzo ni ngumu kwake kuipokea. Akanirudishia. Kwa upole, lakini alinirudishia.

Nilikaa.

Anna ndiye aliyenyoosha mkono, akaomba karatasi azione. Anasoma kwa shida, kidole mstari kwa mstari. Pale kwenye safu ya mwisho, ambapo mimi huandika mambo ya siku hiyo ili nisichanganye wiki, akasimama. Akasoma kwa sauti:

"Tarehe 18 Mei 2019. Mita 36 na nusu. Foleni fupi, watu wako msibani kwa Anna."

Akasema siku hiyo alimzika mama yake. Akauliza wa duka la Majengo alijuaje.

Mwingine akaomba ukurasa. Kisha mwingine. Uzi umekatika, kurasa zinatembea kutoka mkono hadi mkono, zimefika madirishani. Mama mmoja kasoma ya Agosti 2020, pampu ilipoharibika na yeye akajifungulia njiani akitoka kuchota maji korongoni. Imeandikwa, na jina la mtoto limeandikwa. Mtoto mwenyewe yuko pale mlangoni. Mhandisi ameacha kutazama saa. Ametoa kalamu, kila tarehe inayosomwa anaandika na kina chake: thelathini na sita, thelathini na nane, arobaini.

Sasa ukurasa umefika kwa Joshua. Ameuangalia muda mrefu. Nilidhani ataupitisha tu. Amesimama, na amesoma polepole, bila kumtazama mtu:

"Tarehe 12 Machi 2022. Mita 41 na sentimita 20. Mvua. Utepe ulikwama, Mwenyekiti kanisaidia kuuvuta. Kasoma yeye mwenyewe."

Akakaa.

Nilikuwa nimeisahau siku hiyo. Kweli alikuja, na koti la mvua la mwanawe, akalala kifudifudi matopeni pale mdomoni mwa kisima ili aone vizuri.

Mhandisi Angelina amemgeukia. Amemuuliza kwa heshima, Mzee, ni kweli ulikuwepo, na ulisoma hivyo?

Mzee Zablon amesimama. Ameshika kofia kwa mikono miwili. Ananitazama mimi, hamtazami Mhandisi. Nje dereva amezima gari. Umeme haujarudi. Hajajibu bado.